Mtungi wa Bibi na Raba za Kabula

Enzi zetu pale Tinde, sisi tuliokuwa wadogo wakati sabuni ikipangiwa foleni, tulilijua gari kwa masikio kabla ya kuliona kwa macho. Lori la pamba lilikuwa na mngurumo wake, basi la Kahama lilikuwa na honi yake, na pikapu ya Baba ilikuwa na kugonga kwake. Ngo, ngo, ngo. Ikiwa bado mbali kule kwenye mteremko, Mama alishasema, "Baba yenu huyo, wekeni maji ya ugali." Vijana wa leo wakisikia gari linagonga chini huongeza sauti ya redio, na kwao gari limepona.

Pikapu hiyo tuliiita Kabula, kwa sababu ilifika nyumbani siku ya mvua, na kwetu Usukumani mtoto wa kike akizaliwa wakati wa mvua huitwa hivyo. Baba alikuwa akibebea watu mizigo yao, magunia ya mtama, mbuzi, vitanda vya kamba, mabati. Kwa hiyo Kabula alikuwa kama ndugu yetu mkubwa anayefanya kazi. Jumamosi tulimwosha kabla ya kuoga wenyewe.

Tukitoka shule tulikula michembe, vile viazi vilivyokatwa vikakaushwa juani, tukaijaza na mifukoni, tukaenda kucheza rede hadi vumbi lifike kwenye kope. Kaka zangu mapacha, Kulwa na Doto, walikuwa mafundi wa magari ya waya. Walikata magurudumu kwenye ndala mbovu, na mtu akipoteza ndala moja alikuja kwetu moja kwa moja. Mimi Shija, niliyewafuata kuzaliwa, nilikuwa mtoto wa aibu. Darasani mwalimu akiniuliza, jibu nilikuwa nalo lakini mdomo haukufunguka. Nilichoweza ni kutazama. Mahali nilipopenda kutazama ni chini ya Kabula, alipokuwa ameegeshwa mchana. Nililala chali pale kwenye kivuli chake, nikanusa vumbi na grisi, nikashangaa ni vitu gani hivi vyote na kila kimoja kinamfanyia nini mwenzake.

Kimoja kilinishika moyo kuliko vingine. Karibu na kila gurudumu palikuwa na bomba la chuma mfano wa pampu ya baiskeli, limesimama kati ya ekseli na chasisi. Baba aliliita shokamzoba. Chuma chote kile, kirefu kama mkono wa mtu mzima, kilishikwa juu na chini na vipande vya raba vidogo kama maandazi yenye tundu katikati. Nilijiuliza kwa siku nyingi kwa nini watu wenye akili ya kutengeneza gari waliweka kitu laini namna ile mahali pa kazi ngumu namna ile. Siku moja nilimwuliza Baba, tena kwa sauti ya chini hadi akainama kunisikia.

"Chuma kikigusana na chuma, mwanangu, vitapigana mpaka kimoja kife," alisema. "Raba inakaa katikati inapokea kile kipigo. Hiyo ngo, ngo unayoisikia, ni kwamba raba zimekwisha, sasa vinapigana vyenyewe."

Kumbe sauti ile tuliyoipenda ilikuwa ugonjwa.

Bibi yetu mzaa baba alikaa nyumba ya pili, ng'ambo ya zizi. Alikuwa mfinyanzi. Akinamama walitoka hadi Ibadakuli kuja kuchukua vyungu vyake. Dada yetu Mageni, mtoto wa shangazi aliyekuwa akiishi Geita, alipochumbiwa, Bibi alimwahidi mtungi mkubwa wa maji wa kuanzia maisha. Aliufinyanga, akauchoma, Baba akaupakia kwenye Kabula pamoja na mizigo ya watu. Mtungi haukufika hata Kahama. Barabara ya vumbi ilikuwa na matuta madogo madogo yaliyopangana kama mbao za kufulia, na Kabula akawa anarukaruka kama mbuzi, na Baba alipofungua turubai alikuta vigae.

Bibi hakugomba. Alichagua kigae kimoja kikubwa, akakiosha, akakifanya cha kukaangia karanga. Basi kila Baba alipokwenda kumsalimia mama yake, karanga zililetwa juu ya kigae kile kile, zinatoa moshi, na kigae kiliwekwa mbele yake taratibu.

"Kula, Masanja. Karanga za leo nzuri gete, nzuri kwelikweli."

Baba alikula akitazama pembeni. Mama, ambaye kwa kawaida alikuwa upande wa mumewe, siku hizo alikuwa na kikohozi cha ghafla, akatoka nje kucheka.

Baada ya mavuno Bibi akaanza mtungi wa pili. Nilikaa naye alipokuwa akiufinyanga, na niliona mikono yake inatetemeka kwenye shingo ya mtungi. Aliacha, akavikunjakunja vidole, akaanza tena. Mimi alizoea kuniita mke mwenzake, kwa utani wa bibi na mjukuu.

"Mke mwenzangu," aliniambia, "tazama vizuri. Huu ndio mkubwa wa mwisho. Vidogo nitafinyanga, lakini mkubwa mikono imekataa."

Niliyapeleka maneno hayo nyumbani, na nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimwona Baba akiacha ugali kwenye sahani. Alikwenda kwa mama yake jioni ile ile, sisi nyuma yake.

"Mama, safari hii nitaupeleka mwenyewe, taratibu."

"Utaupeleka na nini?"

"Na gari."

"Hilo linalokohoa? Mtungi wangu haupandi humo. Litibu kwanza kikohozi, halafu uje tuongee. Na mkitaka kuuweka juu ya basi, nitauvunja mwenyewe hapa hapa, nijue umevunjwa na mtu."

Harusi ilikuwa imekaribia. Kwa hiyo kazi ikawa moja, kumtafutia Kabula raba.

Leo ukitaka raba za shokamzoba unapiga simu, kijana wa bodaboda anakuletea kabla chai haijapoa. Wakati ule madukani mlikuwa na rafu na mwenye duka, basi. Baba alikwenda Shinyanga mjini akarudi na kalenda ya duka tu, raba hakuna. Ndipo akakumbuka katambuga. Wakati ule Tinde nzima ilitembea juu ya matairi. Maganga, mshona katambuga, alikaa pale njia panda na rundo lake la matairi ya malori yaliyokwisha kutumika, akikata ndala za watu wazima na watoto. Baba akaona kwamba anayekata kisigino hashindwi kukata duara.

Sisi watoto tulikwenda kutazama. Maganga alichovya kisu kwenye kopo la maji kila alipokata, na raba ile ngumu iliachia kama jibini ya maziwa. Nilishangaa. Kisu kikiwa kikavu kilikwama, kikiwa na maji kilipita. Tundu la katikati alilipiga kwa kipande cha bomba kilichonolewa mdomo.

"Baba Kulwa," alisema, akilipima duara kwa dole gumba, "nimevalisha ng'ombe mmoja aliyeumia kwato. Gari sijawahi. Likilalamika linabana, usiniletee."

Wakati Baba analipa, lori moja la masafa lilikuwa limesimama pale, na dereva wake akanunua mahindi ya kuchoma. Aliziona raba mkononi mwa Baba, akacheka, lakini hakuwa na roho mbaya.

"Mzee, ukizivalisha tumia maji ya sabuni ziteleze. Na usikaze nati gari likiwa limening'inia kwenye jeki! Lishushe, libebeshe uzito, ndipo ukaze. Raba izoee kukaa linavyokaa likiwa kazini."

"Nikaze mpaka wapi?"

"Mpaka raba ivimbe kidogo pembeni ya washa, kile kibati cha chini ya nati. Kama shavu la mtu mwenye pipi. Ukizidisha umeiua."

Uzito haukuwa tatizo, uzito tulikuwa sisi. Tatizo lilikuwa sabuni. Mama alikuwa na kipande cha mche alichokipata baada ya kupanga foleni tangu alfajiri, amekifunga kwenye kitambaa, amekificha chini ya sanduku. Kilikuwa cha kufulia nguo zetu za harusi.

"Sabuni ya foleni nimpe gari?" alisema Mama. "Watoto wanaoga kwa majivu, gari lioge kwa sabuni? Baba Kulwa, utanisamehe."

Baba akasema kitu kilichoonekana kwetu sote cha busara sana. Kwetu ng'ombe hawakukosekana, na palipo na ng'ombe pana samli. Samli ilipakwa kwenye ngozi ya mtoto na ngozi ya ngoma. Babu, aliyekuwa na mkokoteni wa ng'ombe, alipaka ekseli yake mafuta ya ng'ombe na mkokoteni ulinyamaza. Kwa nini samli ishindwe kwa Kabula? Akachota kibuyu kizima. Alizipaka raba zile hadi zikang'aa kama mtoto wa siku ya ubatizo, na zikaingia kwenye nafasi zake bila kelele. Kila siku chache akawa anapita na ufito wenye kitambaa, anaziongezea.

Siku ya kukaza alimshusha Kabula kwenye jeki, akatupandisha nyuma sote, na watoto wa majirani juu yetu. Mimi nilitamani kuwa chini nione, lakini nilikuwa mzigo. Watu wakapita wakiuliza, "Baba Kulwa, mnada wa watoto ni leo?" Yeye akajibu kutoka chini ya gari, "Chagua, wanene wameisha."

Na Kabula akanyamaza. Jamani, alinyamaza! Mama alishtuka kumwona Baba mlangoni na maji ya ugali hayajawekwa. Bibi aliletwa, akapandishwa mbele, akazungushwa hadi kwenye mashine ya kusaga na kurudi. Alishuka akalipigapiga gari begani kama ng'ombe aliyepona.

"Sasa huyu ni mtu," alisema. Mtungi ulikuwa umeshachomwa, mwekundu, na mistari yake shingoni. Akakubali kuutoa.

Siku chache kabla ya safari nilikuwa nimekaa chini nikichambua mboga, Baba akaingia uani na gari. Nikasikia. Haikuwa ngo ya zamani. Ilikuwa ndogo na ya maji maji, kama mtu anayegonga mlango kwa kiganja. Nikainua kichwa. Bibi, aliyekuwa amekaa upande wa pili, naye alikuwa ameinua kichwa. Tukatazamana. Akanyanyuka, akaingia ndani kwake, akafunga mlango. Mtungi ulikuwa ndani.

Baba akazifungua raba. Zilikuwa zimevimba na kulegea, zimepasuka kingo kama kiazi kilichosahauliwa jikoni. Ukiminya, kidole kinaingia. Kulwa alisema ni joto. Doto akasema ni uchawi, akapigwa kofi dogo. Baba alizifunga kwenye gazeti akaenda nazo njia panda, tukimfuata kwa mbali.

"Maganga! Umenipa raba gani hii?"

"Raba ile ile waliyovaa hawa wote," Maganga akajibu, akionyesha miguu ya waliokuwa pale. "Wewe mwenyewe umeivaa. Imeoza miguuni mwako?"

Baba alitazama miguu yake. Watu wote wakatazama miguu yao. Hakuna iliyooza. Tukarudi nyumbani na gazeti letu, na Baba akakaa kwenye kigoda uani, ametazama zile raba kama mtu anayetazama mtoto aliyefukuzwa shule.

Mimi nilikuwa bado nafikiria miguu. Nilikumbuka kwamba katambuga za Bibi, zilizoshonwa na Maganga huyo huyo, ndizo pekee nilizoziona zikilegea. Kila mara alilalamika kwamba mikanda imekuwa mirefu, akapeleka ikakatwe. Na Bibi ndiye pekee kwetu aliyepaka samli miguuni kila jioni akishanawa, kwa sababu ya nyufa za visigino. Kusema sikuweza, maana Baba alikuwa amekasirika na mimi sikuwa mtu wa kusema. Nikaenda taratibu mlangoni kwa Bibi, nikachukua katambuga zake. Nikachukua na za Mama. Nikaziweka chini mbele ya kigoda cha Baba, za Mama huku, za Bibi huku, na katikati nikaweka kibuyu cha samli. Kisha nikarudi nyuma ya ukuta nikachungulia.

Baba aliminya mkanda wa Mama. Mgumu. Akaminya wa Bibi. Ulivutika kama utumbo. Akaunusa. Akanusa raba ya Kabula. Akanusa tena mkanda. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi Mama akatoka nje na mwiko mkononi.

"Mama Kulwa, samli! Nimelilisha gari samli! Limenenepa mpaka limepasuka!"

Bibi akafungua mlango. "Nani kachukua viatu vyangu?"

"Mke mwenzako," Baba akasema, na aliniita nitoke nyuma ya ukuta. Sikumbuki alisema nini baada ya hapo. Nakumbuka tu mkono wake kichwani mwangu, unanuka samli na dizeli.

Maganga akakata raba nyingine, tena akacheka kazi nzima. Mama aliingia ndani bila kuombwa. Tulisikia sanduku likiburuzwa. Akatoka na kile kitambaa kilichofungwa, akakifungua, akalitoa povu la kwanza yeye mwenyewe kwenye bakuli la maji.

"Nitaenda harusini na kanga inayonuka moshi," alisema. "Lakini mtungi wa mama ufike."

Siku ya kukaza tulipanda tena nyuma. Safari hii Bibi akaja na kigoda chake.

"Nipandisheni."

"Mama, watoto wanatosha," Baba akasema.

"Wewe si ulisema raba inataka kuzoea uzito wa safari? Anayesafiri na mtungi ni mimi. Nipandisheni, initambue."

Tukambeba, tukicheka, akaketi katikati yetu kama bibi harusi. Chini kulikuwa na spana ya Baba, krii, krii, na sauti yake ikihesabu mashavu ya raba. "Bado... bado... hapo! Mtu asipumue!" Nasi tukazuia pumzi kweli.

Safari ya Geita tuliondoka jua linachomoza. Mtungi uliwekwa ndani ya kitanda cha mabua na pamba mbovu, Bibi akaukumbatia kwa magoti. Mimi niliruhusiwa kukaa naye, kwa sababu Baba alisema masikio yangu ni ya fundi. Kila tulipofika penye yale matuta ya mbao za kufulia niliinamisha kichwa nikasikiliza. Niliisikia barabara, springi na mlio wa turubai. Ngo haikuwepo. Kabla ya kufika Kahama, Bibi aligonga kioo kumwuliza Baba kama hapa ndipo ulipovunjikia mtungi wa kwanza. Baba aliinua mkono bila kugeuka. Bibi akafumba macho hadi tukapavuka.

Kwa shangazi tulipokelewa na vigelegele, lakini Bibi alikataa kusalimiana na mtu kwanza. Aliushusha mtungi, akaugonga kwa kifundo cha kidole. Ukalia vizuri, sauti moja ndefu isiyo na mkwaruzo. Mtungi wenye ufa haulii hivyo. Ndipo akasema, "Mwangaluka," ingawa ilikuwa jioni na hiyo ni salamu ya asubuhi, na watu wakacheka, na Dada Mageni akalia.

Kanga ya Mama ilinuka moshi harusini. Nilikuwa karibu naye, nikaona anaivuta begani kwa mwendo wa mtu aliyevaa hariri.

Tuliporudi Tinde, Baba alikwenda kumsalimia mama yake kama kawaida, sisi nyuma yake. Karanga zikaletwa kwenye sahani ya bati, ile yenye maua ya wageni. Baba akachota karanga kiganja kizima. Kigae hakikuonekana tena.

Baada ya hapo matunzo ya Kabula yakawa kazi yetu ya Jumamosi. Raba zake zilioshwa kwa maji matupu, matope yakatolewa, dizeli ikidondokea ikafutwa haraka, na sisi tukaminya kila moja kwa kidole kuona kama shavu bado lipo. Mtoto aliyesogea na mafuta ya kupaka alifukuzwa kama kuku.

Bibi hayupo, Baba hayupo, na Kabula aliuzwa vipande vipande. Juzi juzi nilikuwa Geita, mji umejaa pikipiki na wanunuzi wa dhahabu, sijui hata pa kuvukia. Kijana wa Doto ni fundi magari huko. Nilimkuta anabadilisha raba za shokamzoba, anazitoa mpya kwenye kiboksi, nyaya za muziki zimemjaa masikioni. Nikamwuliza zile za zamani zimekufa kwa nini.

"Shangazi, si nimebadilisha? Hizi nazo zikifa tunaweka nyingine."

"Lakini zimekufa kwa nini?"

Akanitazama kwa huruma, akanitafutia kiti. Ni mtoto mwema, na kazi yake ni nzuri, gari liliondoka limenyamaza. Ila nilitamani aishike ile raba kongwe, aiminye, ainuse.

Jioni nikaenda kwa Dada Mageni. Ana friji sasa, lakini alinichotea maji mtungini. Umekaa pale pale pembeni ya mlango, mweusi kidogo kwa miaka, na chini yake hakuna kata ya majani kama mitungi mingine. Umekalia duara la tairi la lori, lenye tundu katikati, alilolikata Baba kesho yake baada ya harusi baada ya Bibi kumwambia, "Masanja, nikatie na mimi moja, mtungi wangu nao ukae vizuri." Nilipiga magoti nikaliminya kwa kidole. Gumu. Mageni akauliza nafanya nini huko chini.

"Naangalia kama hukulipaka samli," nikamwambia.